Siku Niliyonasa kwenye Uzio wa St Marys

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: mimi, mtu mzima, baba wa mtoto, nilining'inia juu ya uzio wa uwanja wa mpira pale St Marys, makalio yakitazama barabara.

Chanzo ni hamu tu. Nyumbani nilichezea timu ya chuo chetu cha ualimu, nikaumia goti, nikawa naifundisha, na pale chuoni kila mtu aliniita Kocha, hata wapishi. Hapa Sydney napanga maboksi kwenye ghala kule Seven Hills na hakuna anayeniita hivyo. Kwa hiyo klabu anayochezea binti yangu Neema iliposema njoo Jumamosi tukujaribu ukocha kwenye mechi, nilipiga pasi traksuti yangu ya chuo (ilinibana, sawa, mwili umeongezeka).

Sasa mnajua mambo yetu, mechi kubwa timu haipiti getini, hujui wapinzani wamefukia nini pale. Chuoni tuliruka ukuta, mimi wa mwisho, vijana wakinisukuma kwa chini huku wanaimba. Basi nilipoliona lile geti nikasema moyoni hapana, leo sibahatishi, nikamwambia Neema atangulie, nikazunguka nyuma, nikapanda. Mguu wa kwanza ukavuka, wa pili ukagoma, suruali ikanasa, ikachanika chraaa! Wazazi wote wakageuka na vikombe vyao vya kahawa.

Mwenyekiti wa klabu, mzee mmoja wa Kizungu, mpole kweli, akaja akasimama chini yangu. "Ndugu, mbona geti liko wazi?"

Ningemwelezaje, jamani? Nikasema nafanya mazoezi. Neema akafunika uso, "Dad, please!" Ikaletwa ngazi. Timu akapewa baba mwingine, aliyepita getini.

Jioni nikampigia Kassim, kepteni wangu wa enzi za chuo, siku hizi ni mwalimu mkuu huko Handeni. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa.

"Lakini Kocha," akasema, "ulipandaje bila sisi kukusukuma?"

Uzio sipandi tena, nimeapa, nitapita getini kama watu wengine. Ila kabla hajakata simu nilimwomba aniite tena Kocha, mara moja tu.