Viatu Vilivyobaki Nje ya Picha

Nikifungua kopo la dawa ya viatu, ile nyeusi, hata kabla sijachovya kitambaa nimesharudi Nambis, kwenye ua wetu, asubuhi ya Juni yenye ukungu. Mama ameketi kwenye kigoda, anapaka dawa viatu vipya. Naam, vipya, vilivyotoka kwenye boksi juzi yake. Mama yangu hakuamini kwamba watu wa dukani wanajua kung'arisha viatu.

Vilikuwa vimetumwa na baba. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, na mwaka ule hakuja hata Pasaka. Alipoondoka alipima mguu wa mama kwa uzi, akafunga fundo kila mwisho, akautia kwenye pochi. Miezi ikapita, boksi likaja kwa basi la kutoka Katesh, na ndani kikaratasi kilichouliza jambo moja tu: vinakutosha?

Vilimtosha barabara. Lakini mama hakutaka kujibu kwa barua. Barua zake zilikuwa zile zile siku zote: sisi wazima, mifugo mizima, fanya kazi usiwe na wasiwasi. Safari hii alitaka baba aone kwa macho yake. Na mpiga picha, wasomaji wangu, nilikuwa mimi, binti wa miaka kumi na miwili.

Mjomba Gabrieli, kaka yake mama, alikuwa akipiga picha za harusi na kipaimara kuanzia kijiji cha Daudi hadi Mbulu mjini. Kamera yake ilitumia filamu ya picha thelathini na sita, na ile ya mwisho ya kila filamu aliniachia mimi. Ya kwanza nilipiga ng'ombe asiye na kichwa. Ya pili ilikuwa kidole changu, tena kilitoka vizuri sana. Mjomba hakunicheka mbele ya watu. Alinifundisha kidogo kidogo: jua liwe mgongoni, viwiko nivibane mbavuni, nizuie pumzi kabla ya kubonyeza. Na kubwa kuliko yote: "Sogea. Ukiona umefika, sogea tena hatua moja."

Hilo la kusogea kwetu lilikuwa kama utovu wa adabu. Mtu alipigwa picha mzima mzima, nywele hadi viatu, kasimama wima mikono imenyooka, na ukimkata miguu umemharibia. Ndiyo maana kwenye picha zote za nyumbani nyuso zilikuwa ndogo kama punje za maharage.

Tulisubiri ukungu uondoke. Mama alitoka amejitanda shuka lake la kanisani, viatu mkononi visije vikagusa tope. Akatandika gunia kwenye nyasi, akasimama juu yake, ndipo akavivaa.

"Naonekana mpaka chini?" aliuliza.

"Unaonekana, mama," nilijibu, huku nikisogea. Nikasogea tena. Uso wake ukajaa kwenye kamera, jua likamgusa shavuni, nami nikasahau kabisa kwamba binadamu ana miguu. Nikazuia pumzi, nikabonyeza.

Picha ilirudi kutoka kusafishwa baada ya wiki mbili. Mjomba aliishika muda mrefu, akaniambia sasa naanza kuwa mpiga picha. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Viatu viko wapi?"

Nilianza kueleza habari za kusogea. Akanikatiza kwa sauti ya chini. "Baba yako uso wangu anaujua. Alichopima ni mguu."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Filamu nyingine isingekuwapo mpaka harusi nyingine, na jirani aliyekuwa anakwenda Katesh alikuwa anaondoka kesho yake. Mama akaitia hiyo hiyo kwenye bahasha bila kuandika neno. Nilijua baba angedhani viatu havikumtosha, au mama amevikataa, na kosa lote ni langu.

Wiki haikuisha, baba akaingia uani na begi mgongoni, ngano ikiwa bado shambani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwa mama. Akatoa begini jozi nyingine, namba moja zaidi. Akachuchumaa, akatoa uzi wake, akashika mguu wa mama ili aupime upya mbele yetu sote. Mama akauvuta kwa haya.

"Vilinitosha, jamani! Huyu mtoto wako ndiye aliyevikata."

Tulicheka. Baba hakucheka. "Hata kama," alisema. "Mbona hukuniambia umekonda hivyo?"

Miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho. Sasa mimi mwenyewe napiga picha za harusi, Mbulu na Katesh, na nimeelewa kwamba ile picha ilisema yale ambayo barua za mama zilikuwa zikificha. Alikuwa amechoka, mwaka mzima peke yake na shamba, mifugo na sisi watoto. Mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake niliona mwanga shavuni tu, na bado inaniuma. Siku hizi kabla sijasogea humwuliza mtu anataka nini kionekane, na hicho ndicho ninachoanza nacho.

Mjomba alipopata filamu nilimpiga mama upya, kwa mbali, viatu na gunia vyote ndani. Hiyo iko ukutani Nambis hadi leo. Ile ya uso nimemwomba baba mara mbili niikuze. Ni mzee sasa, na uzi ulikatika zamani, lakini picha haitoi kwenye pochi.

"Ngoja kwanza," huniambia. "Bado naitazama."