Vigelegele vya Mtoto wa Noémie

Mwaka ule wa 1953, pale Kamina, Noémie alishindwa kutulia. Alifagia ua asubuhi, akaufagia tena jua lilipopanda, na mchana ukamkuta bado na ufagio mkononi, akizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mumewe Isaïe, karani wa stesheni, akimwambia keti, anaketi. Kabla chai haijapoa keshasimama.

Mtoto wao Marc alikuwa na miezi minne, mnene, hana neno. Shida ilikuwa jinsi alivyokuja. Siku mbili Noémie alihangaika mikononi mwa Kyabu, mkunga mzee aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa. Siku ya tatu mtoto akakataa kushuka, mama akapelekwa hospitali kwa lori. Wakamtia usingizi, wakampasua. Alipoamka alipewa mtoto ameshaogeshwa, kama mgeni.

Na mtaani kwao mtoto akitoka, mkunga husimama mlangoni akapiga vigelegele, watu wajue kuna aliyezaa. Marc hakupigiwa na mtu. Bombani wanawake walisimulia kuzaa kwao, wakamalizia, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," na Noémie akainamia ndoo yake. Yeye alijua nini? Si alikuwa amelala! Na tangu siku ile Kyabu hakukanyaga kwake. Ananidharau, alijisemea, na wazo hilo lilimwasha kuliko kovu.

Jumamosi moja akautupa ufagio, akambeba Marc mgongoni, akaenda. Kyabu alikuwa uani akimenya mihogo. Alipomwona akainuka, aingie ndani.

"Nkambo, bibi yangu, usinikimbie," Noémie akamwambia. "Sema tu. Minyi, Noémie, sikuzala?"

Bibi akabaki na kisu mkononi. "Nani alisema vile? Minyi njo niko na haya. Nilikushika siku mbili, mikono yangu ikashindwa. Nitakuangalia namna gani?"

Kumbe! Miezi minne yote, kila mmoja alikuwa akijificha kwa mwenzake. Noémie akalia palepale, majirani waone wasione.

"Nisimulie," akasema.

Kyabu akamsimulia jinsi alivyouma kitambaa mpaka kikachanika, na jinsi alivyokataa kubebwa, akatembea mwenyewe hadi kwenye lori, mkono tumboni, akimwambia mtoto, "Tuko babili, weye na minyi, tusichoke." Noémie hakukumbuka hata neno moja la hayo; dawa ya usingizi ilikuwa imeyafuta.

"Kazi yote ulifanya weye," Kyabu akasema. "Munganga wa hospitali alifungula tu mulango."

Akamvuta ndani, akaomba kuona kovu. Akalipitishia kidole gumba polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akatoka, akasimama mlangoni kwake, akapiga vigelegele. Sauti yake ya uzee ikakatika katikati. Akaanza upya.

Majirani wakachungulia, wengine na miiko mikononi. "Nani anazala?"

Kyabu alitaka kujibu, lakini Noémie alikwisha kutoka, kitenge kimefungwa ovyo, Marc akikitafuna upindo.

"Minyi!" akapaza sauti. "Njo minyi ninazala!"