Mgeni Hapokelewi Gizani

Kwa miaka mingi nimeishi Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa kazi ambayo mama yangu hakuwahi kuielewa: naandika miradi. Nilisomea maendeleo chuo kikuu, nikarudi nyumbani, mtaa wa Mususa, na diploma yangu ndani ya plastiki, na tangu hapo nawaandikia watu maombi ya vitu ambavyo mimi mwenyewe sina. Umeme, kwa mfano. Kwangu unakuja ukipenda. Lakini nikikaa mbele ya kompyuta naweza kueleza ukosefu wa umeme kwa Kifaransa kizuri mpaka msomaji wa Ulaya ainuke kuwasha taa ya pili.

Mradi ninaoukumbuka zaidi ni ule wa dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, kama watu wote wa kwetu wamwitavyo dada mkubwa. Ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya, kwenye vilima vya kuelekea Lubero, mahali pa viazi, maharagwe na ukungu. Chumba chake cha kuzalishia kina dirisha moja, nalo limezibwa kwa ubao, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya heshima. Hata adhuhuri, mlango ukifungwa, huoni mkono wako. Yaya hufanya kazi humo na simu kati ya meno, taa yake ikimulika chini.

Aliniambia mara moja tu kilichomfanya aniombe msaada. Kuna mama alimzalisha usiku, simu ikiwa imezimika. "Mu giza," aliniambia, "damu ni kitu ya moto tu mu mikono. Haujue kama ni kidogo ao ni mingi." Kulipopambazuka alifungua mlango, akaona sakafu. Yule mama alipona. Yaya ndiye ambaye hakupona upesi.

Basi nikaandika. Niliomba plaki za umeme wa jua, betri na balbu, na neno giza nikalitia kila mahali, kama mpishi mwenye mkono mzito wa chumvi. Baada ya kimya kirefu, wafadhili wakajibu kwamba watamtuma mtu wa ofisi yao ya Beni aje aone kwa macho yake. Tungeondoka Butembo asubuhi kwa jeep, na jeep ilipaswa kurudi kabla ya jua kuzama. Kwetu, kwa hali ya usalama ilivyo, hakuna anayeuliza sababu ya sharti kama hilo. Ila njiani nililitafakari: wanaogharamia taa za vijijini hawaruhusiwi kuwa kijijini saa ile taa inapohitajika. Giza wanakuja kulikagua mchana.

Nilijiona mwerevu sana kwa wazo hilo. Ndiyo maana sikuwaza jambo jingine, ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliwaza kwanza.

Tulipokaribia kituo nilisikia mngurumo, nikadhani ni kinu cha mahindi. Tukakata kona ya mwisho. Kituo kizima kilikuwa kinawaka. Balbu mlangoni, balbu barazani, balbu kwenye mparachichi, zote ziking'aa ndani ya ukungu. Korali, yaani kwaya ya kanisa, ilikuwa imetoa grupu yake, jenereta ya kuendeshea spika siku ya Pasaka, na kijiji kilikuwa kimechangia mafuta.

Dereva alipunguza mwendo. "Patron," akaniambia bila kugeuka, "giza yenu inawaka muzuri."

Mjumbe wa wafadhili, mwanamke kijana aliyekaa karibu naye, alishusha kioo cha dirisha.

Yaya alitupokea akiwa amevaa kitenge cha sikukuu. Nilimvuta nyuma ya pipa la maji ya mvua.

"Yaya, zima ile grupu."

"Nizime juu ya nini?"

"Huyu mama anakuya kuona kama hatuna taa."

"Aone kwanza kama tuko na adabu."

"Batatunyima."

"Batunyime. Mimi sipokeake mugeni mu giza. Mama yetu alitufundisha. Ao universite ilikufutia ile?"

Kuiacha grupu ingurume ilikuwa kupoteza taa ambazo yaya alizihitaji kuliko mtu yeyote pale. Kuizima ilikuwa kumfanya awe, mbele ya kijiji kizima, mwanamke aliyemkalisha mgeni gizani. Na huko kwetu habari ya namna hiyo inadumu kuliko betri yoyote.

Mgeni alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye kitambaa, soda mkononi, macho yakitoka balbu moja kwenda nyingine. Nikaanza kumweleza muktadha kwa Kifaransa. Aliniinulia kiganja, kwa upole, kisha akamgeukia yaya.

"Mama, jiko iko wapi?"

"Mugeni haingiake mu jiko, mwana wangu. Kaa, chakula inakuya."

"Njo maana nauliza."

Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaufuata moshi. Nilimfuata hadi mlangoni. Alikaa kwenye kigoda katikati ya wanawake, akachukua kisu na kiazi, akaanza kumenya. Mama mmoja mzee akaokota ganda na kulitazama.

"Mutoto, kwenu bamenyaka hivi? Ganda nene hivi, sisi tutakula nini?"

"Mama yangu anasemaka vile vile."

"Na bado hausikie."

Wakacheka. Mwingine akamsogezea beseni zima kwa mguu. "Na hizi zote ni zako."

Alimenya hadi kicheko kilipokwisha. Kisha, bila kuinua macho, akamwambia yaya: "Mama, mumenigombeza, mumenipatia na kazi. Mugeni hatendewake vile. Kwetu Beni, mama yangu naye angeomba grupu ya jirani. Lakini mimi siko mugeni tena. Muzime."

Yaya alimtazama. Akanitazama na mimi, mwenye diploma. Halafu akaenda mwenyewe kuizima. Kilima kikatulia, tukasikia kuku.

Yeye na mjumbe waliingia katika chumba cha kuzalishia, wakafunga mlango. Nilibaki barazani na dereva. Walikaa humo muda mrefu, sauti ya yaya ikisikika chini chini. Njiani kurudi, yule mjumbe hakuniuliza lolote kuhusu mradi wangu. Aliuliza tu kama yule mama wa sakafu ana watoto wengine.

Plaki zilikuja baada ya msimu mwingine wa viazi. Ufunguzi ulifanyika asubuhi, kwa sababu ya lile sharti. Wakubwa waliipigia makofi balbu iliyowaka juani, nami nikapiga, kisha jeep zikaondoka mapema. Mimi nikabaki kulala kwa yaya, ambaye nyumba yake inashikana na kituo na ilipata balbu yake moja.

Jioni, tulipokwisha kula, aliizima.

"Yaya, mbona unazima?"

"Kuna mutu anazaa?"

"Hapana."

"Kuna mugeni?"

Nilikuwa bado nimevaa koti la hotuba niliyoisoma asubuhi.

"Hapana," nikasema.

"Basi acha betri ilale. Inaweza kuitwa saa yoyote."

Tukaendelea kuzungumza gizani.