Anapima Bei ya Mgodi Kuanzia Getini

Saa tatu asubuhi mashine ya kusaga mawe inazimwa, na kelele pekee inayobaki ni ya kuku wa mlinzi. Watu wamezunguka meza ya mbao. Juu yake kuna mizani ndogo ndani ya boksi la kioo, ili upepo usiiguse.

Mwanamke mwenye miwani na viatu vya mpira hasogei mezani. Amesimama nyuma kabisa, karibu na mapipa ya maji, mikono ameikunja kifuani.

"Njoo mbele wewe! Si kazi yako hii?" mbia mmoja anamwita.

"Nikija mbele mtasema nimeipulizia."

Watu wanacheka, lakini kicheko hakidumu. Kinachopimwa ni dhahabu iliyotoka kwenye mifuko ya mawe ya wiki ya nne. Ikiwa nyepesi, wabia kumi wa kampuni hii ndogo watauza mgodi wao kwa bei ile ile waliyopewa na mnunuzi. Ikiwa nzito, bei hiyo itabidi ihesabiwe upya.

Mgodini hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Ndiyo Yote, kwa sababu ukimletea maelezo, au hata chai, swali lake ni hilo hilo: "Ndiyo yote?"

Kazi yake ni kuthamini kampuni ndogo za madini. Kwa maneno yake mwenyewe, anamwambia mwenye mali bei ya mali yake kabla mwenye pesa hajamwambia.

Kazi hii aliifuata kwa hasira. Mama yake alikuwa mponda mawe katika mgodi mwingine, na alikuwa na sehemu yake pale kama mbia. Siku moja alikuja mtu mwenye maneno matamu, na mama akauza sehemu ile kwa magodoro mawili na baiskeli. Mgodi ule unafanya kazi mpaka leo.

"Baiskeli ilikuwa nzuri, sisemi," mama anasema, akimenya viazi jikoni kwa bintiye. "Lakini nilikuwa sijui ninachouza. Nilidhani nauza shimo."

Binti alisoma uhasibu madarasa ya jioni huku mchana akifagia na kupanga mafaili katika ofisi ya wathamini. Miaka ilivyopita alipewa kalamu, kisha meza yake. Sasa amejiajiri. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chenye meza, viti vitatu na feni inayogeuka upande mmoja tu.

Wabia wa mgodi huu walipopanda ngazi za chumba kile, walikuwa tayari na bei mkononi. Mnunuzi alikuwa amewaambia kampuni yao ina thamani ya milioni mia tatu na ishirini. Wao wakagawanya kwa kumi, wakaona kila mmoja ataondoka na thelathini na mbili. Mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia bei za mabati.

Yeye akawaharibia siku.

"Hiyo ni thamani ya kampuni nzima," aliwaambia. "Siyo ya mfukoni mwenu. Mtu akinunua pikipiki ambayo hujamaliza kuilipia, si atakata deni kwanza?"

"Atakata," mwenyekiti wa wabia alikubali.

"Na kama chini ya kiti umesahau noti zako?"

"Hizo zangu. Aniongezee."

"Basi umeshajua kazi yangu."

Deni la mashine ya kusagia lilikuwa milioni tisini. Kampuni ilikuwa na milioni kumi benki. Ukitoa lile na kuongeza hizi, wabia wanabaki na mia mbili na arobaini. Ishirini na nne kila mmoja. Yule wa mabati alishuka ngazi wa kwanza.

Mnunuzi hakuwa mwizi, na mthamini huyu anapenda hilo lieleweke. Alichofanya ni kuchukua faida ya mgodi kwa mwaka, kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mashine, akaizidisha mara nne. Faida iliyoandikwa ilikuwa milioni themanini. Kuzidisha mara nne kwa mgodi mdogo kama ule ni haki. Kama kulikuwa na kasoro, basi ilikuwa kwenye ile themanini.

Kasoro hiyo hakuitafuta ofisini. Alikwenda mgodini akaomba kiti, akapewa ndoo, akaipindua na kukaa karibu na geti. Alikaa pale tangu asubuhi hadi mchana akitazama vinavyotoka. Mlinzi alidhani amekuja kumdai mtu deni.

Vilivyotoka ni mifuko. Mifuko ya mawe, mingine mgongoni, mingine kwenye toroli, mmoja umepakiwa juu ya baiskeli kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Ile inakwenda wapi?" alimuuliza mwenyekiti.

"Ile? Ile ni yetu."

"Yenu, au ya kampuni?"

"Dada, ile si mapato. Ile ni kula yetu. Kila mbia anachukua mifuko yake ya wiki, anasaga kwake anakojua, analipa watu wake, maisha yanaendelea. Kilichobaki shimoni ndicho cha kampuni."

"Na mmekuwa mkifanya hivyo tangu lini?"

"Tangu shimo lilipokuwa refu kama mimi."

Hapo ndipo alipovua miwani na kuifuta, ishara ambayo wabia sasa wanaijua vizuri: ameona pesa iliyosahauliwa. Mawe yale yalitoka kwenye mwamba ule ule. Mnunuzi akishalipa, hayatapita tena getini mgongoni mwa mtu. Yatasagwa na kuuzwa kwa jina la kampuni, na wafanyakazi watalipwa mshahara. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa ananunua mifuko ile pia, bila kuilipia hata senti, na bila yeye mwenyewe kujua.

Kuithibitisha ndiyo ilikuwa shughuli. Mgodini hapa mtu hasemi mfuko wake umetoa nini. Hamwambii jirani, wala shemeji, na mara nyingi hata anayelala naye kitanda kimoja. Kila mtu husaga kivyake na kurudi na uso mkavu.

Alipoitisha mkutano na kuomba mifuko yote isagwe pamoja kwa wiki nne, mbele ya mhasibu wa mnunuzi, watu waliinuka kwenye mabenchi.

"Unataka kutuvua nguo hadharani!"

"Mke wangu yuko hapa!" alisema mmoja.

"Na mimi niko hapa," mkewe akamjibu. "Endelea, nakusikiliza."

Mbia mwenye umri mkubwa kuliko wote ni mwanamke anayeponda mawe, ambaye kila mtu humwita Shangazi. Mumewe ndiye fundi wa winchi inayovuta mawe kutoka shimoni. Alinyanyuka taratibu, nyundo bado mkononi.

"Binti, nikisema mifuko yangu inatoa nini, huyu mzee wa winchi ataacha kununua sabuni. Atasema nunua wewe, unazo."

"Kwani unazo?" mumewe aliuliza.

"Umeona sasa?"

Mthamini aliwaambia hataki kujua mfuko wa mtu. Mawe yote yatamwagwa pamoja na kusagwa pamoja, na kila mmoja atarudishiwa kwa idadi ya mifuko aliyoleta. Hakuna atakayejua wa nani ulikuwa na nini. Hakuwaficha kwamba mwenye bahati ya wiki ile atapoteza kidogo, na asiye na bahati ataongezewa kidogo.

Kisha Shangazi alikwenda nyuma ya banda, akarudi akiburuta mfuko wake mwenyewe, akaumwaga katikati ya uwanja. Vumbi likawafunika walio mbele.

"Haya," alisema. "Mkinidhulumu mtanikuta hapa hapa na nyundo yangu."

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa ndogo hata mhasibu wa mnunuzi, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alitazama pembeni. Yule wa mabati alisema afadhali wangekaa na siri zao. Kuna waliotaka kuacha.

"Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula," mthamini anakumbuka. "Nilijiuliza, je, kama mama yangu alipewa bei ya haki? Je, kama magodoro mawili ndiyo yalikuwa yote?"

Lakini hakuifuta wiki ile. Aliiandika kama ilivyokuja, akaomba ya pili. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikapanda zaidi, wakaanza kumletea chai bila kuomba.

Sasa ni ya nne. Mhasibu wa mnunuzi anainama juu ya kioo, anasoma namba, anasoma tena. Anaitaja kwa sauti ndogo. Mwenyekiti anairudia kwa sauti kubwa, na uwanja mzima unalipuka. Shangazi anampiga mumewe kibao cha mgongo kinachosikika mpaka getini.

"Milioni sabini kwa mwaka!" mwenyekiti anapiga kelele baada ya hesabu ya wiki zote nne kupanuliwa kuwa ya mwaka mzima. "Mara nne! Jamani, mara nne!"

"Subiri," anasema Ndiyo Yote, ambaye hatimaye amesogea mezani. "Sijatoa mishahara. Wala gharama ya kusaga."

"Dada, wewe huwezi kuacha watu wafurahi hata kidogo?"

"Mkifurahia namba isiyo yenu, mtalia nayo."

Anatoa milioni thelathini. Mhasibu wa mnunuzi naye anaomba nyingine tano zitolewe, kwa sababu wiki nne si mwaka. Wanabishana juu ya zile tano kwa saa nzima, kwa adabu, wakikaribishana karanga. Mwisho Ndiyo Yote anamwachia. "Mimi ningekuwa upande wake ningeomba hizo hizo," anasema.

Faida ya mwaka inatoka themanini, inakuwa mia moja na kumi na tano. Mara nne ni mia nne na sitini. Toa deni, ongeza zilizoko benki. Kila mbia anaondoka na milioni thelathini na nane badala ya ishirini na nne.

"Kanuni ni yetu wenyewe," mhasibu yule anasema akikunja karatasi zake. "Mara nne tulisema sisi. Nitaanzia wapi kuikataa?"

Siku tatu baadaye mnunuzi anakubali. Anakubali pia sharti ambalo Shangazi alilishikilia kama nyundo yake: watu wote wanaofanya kazi mgodini wabaki, na walipwe mshahara wa mwezi usiopungua wanachopata leo.

Yule mbia wa mabati ameyanunua. Ameongeza na milango. Fundi wa winchi anatangaza kwamba kuanzia sasa sabuni atanunua mke wake.

"Nitanunua," Shangazi anasema. "Na utaogea nikiwa nimependa."

Malipo ya mthamini kwa kazi yote yalikuwa milioni mbili. Kwa pesa hiyo amelipa kodi ya chumba chake na kununua mizani yake mwenyewe, yenye boksi la kioo. Amepanga kuanza kuzunguka kwenye migodi midogo kabla wanunuzi hawajafika, siyo baada. Tayari migodi miwili imemwita. Anataka pia kumfundisha kazi binti wa mwenyekiti, ambaye amemaliza shule na hapendi shimo.

Jioni ya siku aliyonunua mizani anamsimulia mama yake yote, mama akiendelea na viazi vyake. Mama anasikiliza mpaka mwisho, kisha anaweka kisu chini.

"Na ile sehemu yangu mimi? Ulishawahi kuipigia hesabu?"

Binti anavua miwani, anaifuta.

"Nyamaza hivyo hivyo," mama anasema, na kicheko kinamtoka. "Acha nile kwanza. Kesho unakwenda mgodi gani?"

"Ule wa ng'ambo ya mto. Wana mnunuzi anakuja wiki ijayo."

Mama anamsogezea sahani, halafu anaivuta mizani mpya kutoka kwenye mkoba wa bintiye na kuitazama kwa karibu.

"Basi ondoka mapema," anasema. "Ukakae getini."