Dada Yangu Ndiye Aliyemlipa Wakili Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwenye makosa mnaposoma. Nilimshitaki dada yangu wa tumbo moja, na gharama za kesi nikazitoa kwake bila yeye kujua. Jina langu silitaji, si kwa kuogopa bali kwa aibu. Haya, na kuogopa pia.

Baba yetu alipofariki alituacha sisi wawili tu, na nyumba moja nyuma ya Tononoka. Nyumba ya Kiswahili, vyumba vinne, ukumbi katikati, mabati juu. Dada alikuwa ameachika, akiishi humo na wanawe na kuuza mahamri barazani. Mimi nilikuwa nikikaa Kibokoni kwa wakwe zangu, na mwanamume anayekaa kwa wakwe huwa na mawazo mengi kuhusu nyumba.

Mirathi yetu sisi Waislamu ni wazi: mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mimi nilitaka yote matatu. Mabati ya nyumba ile nilinunua mimi nilipopata kazi bandarini, basi nikaanza kudai kwamba baba alinipa nyumba yote alipokuwa hai. Baba hakunipa. Alinishukuru tu.

Nikamwendea ami yangu, nduguye baba, nikitaka anitolee ushahidi. Nilimkuta akivaa viatu kwenda msikitini.

"Wataka nini zaidi?" akaniuliza. "Mawili yako, moja lake. Kadhi atakwambia yayo hayo, ila kwake utangoja."

Nikaona mzee amechoka. Nikatafuta wakili.

Kwa Kadhi mtu aweza kusimama mwenyewe akajieleza, na watu husimama kila siku. Lakini mimi nilitaka dada anione nimekaa na mtu wa tai, akate tamaa mapema. Wakili alinisikiliza kwa upole mkubwa, akasema kesi yangu ni nzuri, kisha akataja ada yake. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea.

Nilianza kwa kuuza deki ya video. Ikalipia kikao kimoja, nacho kikaahirishwa. Nikauza friji, na tangu siku hiyo mama mkwe akawa ananisalimu kwa kifupi. Nikakopa kazini mpaka wenzangu wakiniona nakuja wanakumbuka wana safari. Mwisho nikamwendea mke wangu juu ya bangili zake.

"Hizi n'mahari yangu," akasema, wala hakuacha kukuna nazi. "Wataka kumshitaki dadako, uza chako. Kama huna, basi Mngu ashakupa jibu."

Sasa nieleze jambo ambalo watu wa bara huenda hawalijui. Hapa kwetu nyumba yaweza kuwa yako na ardhi ikawa ya mwingine. Baba alijenga kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na kila mwezi akawa anampelekea karani wake kodi ya ardhi. Ukilipa unakaa, na wanao wakakaa. Usipolipa, mwenyewe ana haki ya kukwambia uondoe nyumba yako, ardhi yake ibaki.

Baba alipofariki, kodi ile ikawa inatoka kwa dada, kwenye mahamri, kwa sababu yeye ndiye aliyeikalia nyumba. Mimi kazi yangu ilikuwa kuipeleka tu, kwa kuwa karani alikuwa jirani na kazini kwangu.

Kesi ilipoanza tuliacha kuzungumza. Kodi hakuacha kuileta. Kila mwisho wa mwezi alikuja mpaka Kibokoni, akasimama mlangoni na buibui lake, akakataa kuingia, akafungua leso.

"Ya ardhi hii, kaka. Ugomvi wetu n'wetu. Mwenye ardhi hana makosa."

Nikaipokea, nikaenda nayo kwa wakili.

Mara ya kwanza nilijiambia ni mkopo. Baadaye nikajiambia mwenye ardhi ni tajiri, hatahisi. Miezi iliyofuata sikujiambia kitu. Siku moja dada akaniuliza, "Karani yuwasemaje?"

"Yuwakusalimu," nikamjibu.

Karani alikuwa mtu mzima, mpole, aliyemjua baba. Alinijia kazini mara nyingi kuulizia kodi. Nilimwambia jambo liko mahakamani, avute subira, naye akavuta.

Ilipita zaidi ya mwaka. Kadhi akaniuliza ni nani aliyeshuhudia baba akinipa nyumba. Nikamtazama wakili, wakili akatazama karatasi zake. Hukumu ikatoka: mafungu mawili kwangu, moja kwa dada. Wakili akanipa mkono, akasema tumefanya vizuri.

Hatujakaa sana, mwenye ardhi akachoka. Alikwenda mahakama ya serikali akapata amri: tuondoe nyumba yetu, au ataivunja yeye.

Dada akamfuata karani, nami nyuma yake, akamkuta njiani mbele ya watu. Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. "N'melipa kila mwezi! Pesa zangu umezila wewe, mwizi mkubwa! Kakangu huyu hapa, muulizeni!"

"Sijapokea, mwanangu," karani akasema, akanitazama. Watu wote wakanitazama.

Nikasema, "Mambo haya tumwachieni Mngu."

Nililisema kwa sauti ya mcha Mungu, na watu wakaniamini. Ole wangu. Mpaka leo wako watu pale mtaani wasiompa yule mzee mkono.

Nyumba tuliivunja wenyewe. Mabati tukayagawa kama Kadhi alivyohukumu, mawili kwangu, moja kwake. Milango vile vile. Likabaki dirisha moja lisilogawika. Dada akasema, "Chukua wewe, kaka, una familia." Nikachukua. Yeye na wanawe sasa wamepanga chumba kimoja Majengo. Mimi niko kwa wakwe, na kila mvua ikikaribia mama mkwe huniuliza mabati yale yanangoja nini uani.

Enyi mnaogombania mirathi, wako watakaowaonyesha njia za kumlipa wakili: uza, kopa, weka rehani, changisha jamaa. Kwanza ulizeni kama kesi yenyewe yataka wakili. Yangu haikutaka. Na pesa inayoifanya nyumba isimame msiiguse, hata kama mnaigusa kwa ajili ya nyumba hiyo hiyo.

Dada yangu hununua kwa kilo magazeti ya zamani ya kufungia mahamri, na husoma kila ukurasa kabla ya kuukata. Na huu wa gazeti hili utamfikia.

Dada, karani hakula pesa zako. Nilizipokea mimi, nikamlipa nazo mtu aliyekuwa akikupinga. Mwendee yule mzee umtake radhi, umwambie nami naja. Kuja kwako nimejaribu mara nyingi, nafika njia panda ya Majengo narudi. Ndiyo maana nimekuandikia hapa, kwenye karatasi ya mahamri.