Mbuzi wa Noeli Aliyechinjwa na Baba

Harufu ya vitunguu vikikaangwa kwenye mawese hunirudisha moja kwa moja kwenye Noeli yetu ya kwanza hapa Kasongo. Mimi, Neema, nilikuwa na miaka tisa. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamishwa kutoka Wamaza, tukaja kwa pikipiki na kinu cha Mama kimefungwa nyuma. Nyumba tuliyopata ilizungukwa na Waislamu pande zote. Kule kitongojini kwetu sote tulikuwa Wakristo, na siku ya Noeli ua ulijaa watu mpaka kuku wakakosa pa kupita. Mwezi ule wote Mama alikuwa na hofu moja tu, kwamba tutakula Noeli peke yetu kama watu waliosuswa. Basi akapita nyumba kwa nyumba kualika, kila mtu akamwahidi kuja, akarudi anaimba.

Asubuhi ya Noeli, Baba akafanya alichofanya miaka yote. Kwetu, kumchinja mbuzi wa Noeli ilikuwa heshima ya mwenye nyumba, naye aliipenda heshima hiyo kupita kiasi. Akanoa kisu huku akipiga mluzi, akamchinja mbuzi, akamtundika mlangoni pa jiko. Ndipo akaingia jirani yetu, Mama Zaina, na sufuria kubwa tuliyoomba kwake. Akaitazama nyama.

"Nani alichinja?"

"Ni miye mwenyewe!" Baba akajibu, kifua mbele.

Mama Zaina akaweka sufuria chini taratibu. "Ee, Baba Neema! Sasa siye tutakula nini? Nyama kama haikuchinjwa na Muislamu, siye hatugusi."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Nilimkasirikia Baba vibaya sana, nikamwambia mbele ya mgeni kwamba ameharibu Noeli, na hakuna aliyenikemea. Mama Zaina akatoka bila kuaga. Tukajua imekwisha.

Kumbe alikwenda kumwita mumewe! Baba Zaina akaja na mabata watatu mkononi na kisu chake mwenyewe. "Mwalimu, hii kazi ya kisu uniachie miye," akasema. Kisha akamgeukia Mama: "Na weye acha kulia. Mchele iko wapi?" Akasema bismillahi, akachinja. Tukawasha moto sehemu mbili, mbuzi upande huu, mabata upande ule, na mimi nikapewa kazi ya kulinda miiko isichanganywe. Niliwafokea hata watu wazima.

Na wakaja! Wakaja wazee na kofia zao, kina mama na masinia ya wali, watoto wasiohesabika. Mama alicheka mpaka sauti ikamkauka. Hata Wamaza hatukuwahi kujaza ua namna ile, na nilijivuna wiki nzima.

Leo mimi ndiye mwenye ua huo. Wageni wakiniuliza tunawezaje kula Noeli katikati ya Waislamu, huwa nawashangaa. Mbuzi wangu hufungwa pale pale penye jiko, wala hakuna anayemgusa, mpaka Baba Zaina, mzee sasa, asikike tangu barabarani: "Mwalimu! Kisu iko wapi?" Na Baba, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, huinuka kitini na kunyoosha mikono yote miwili juu, mitupu, watu wote waione kwamba hakushika kisu, na ua mzima tunapiga vigelegele.