Masanduku Matatu Nyuma ya Duka

Siku ile niliamka na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kusema mbele ya watu. Kanisani nilisema kila Sabato mpaka mume wangu akanikanyaga mguu ninyamaze. Nilichoogopa ni masanduku matatu nyuma ya duka letu mjini Kisii, yamejaa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kuchongea vinyago, ambayo hayajachongwa, yakingoja kupelekwa ng'ambo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Afisa wa biashara alikuwa ametoka Nairobi kutuuliza sisi wenye maduka ni bidhaa gani serikali iruhusu zitoke nchini na zipi izizuie. Wauza vinyago wenzangu walinichagua niwasemee, na tulikuwa tumekubaliana: mawe ghafi yasitoke. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameanza kuyaagiza wakayachonge wenyewe kwa mashine, na kule Tabaka, mawe yanakochimbwa, wachongaji walikaa bila kazi. Wanawake pia, kwa sababu mwanamume akishachonga, mwanamke ndiye huketi na beseni la maji akisugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae. Mimi nililelewa kwa kazi hiyo.

Wenzangu hawakujua kwamba mume wangu naye alikuwa ameanza kuuza mawe ghafi. Agizo la masanduku yale matatu ndilo lililokuwa likishikilia duka lisifungwe. Asubuhi aliniomba nizungumzie barabara mbovu, basi.

Ukumbini, afisa alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Nilisimama, nikasema yote tuliyokubaliana. Nilipodhani nimenusurika, aliniuliza huku akiandika, "Mama, hapa Kisii ni nani anayeuza hayo mawe ghafi?"

Mume wangu alikuwa safu ya pili, akikagua viatu vyake. Nyuma yake aliketi mama mzee aliyenifundisha kusugua, vidole vimepasukapasuka kwa maji. Nilijua mtu aliyeidanganya serikali mbele ya mashahidi angeweza kunyang'anywa leseni. Aliyesema kweli, vilevile.

"Ni sisi," nikasema. "Tuna masanduku matatu dukani. Mkituachia, mwakani yatakuwa thelathini."

Aliandika, akamwita msemaji mwingine.

Miezi iliyofuata niliishi kama mwizi. Gari la serikali likipunguza mwendo mbele ya duka, nilijificha nyuma ya pazia. Mume wangu alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na alipoanza, aliniomba chumvi. Masanduku hakuthubutu kuyatuma, na mnunuzi akafuta agizo.

Kisha waraka wa serikali ukaja: mawe ghafi hayatatoka nchini bila kibali maalumu. Nilisoma sababu zake nikakuta maneno yangu, hata lile beseni la maji. Badala ya kufurahi, niliogopa. Miaka yote nilidhani mambo haya huamuliwa huko juu nasi tunaletewa tu. Sasa nilifikiria barabara mbovu, na jinsi nilivyokaribia kuzizungumzia.

Wachongaji walikuja kuyafungua masanduku wayachonge mawe yale. Yule mama mzee alifuata na beseni lake, akaketi nyuma ya duka lililobakiza rafu tupu, akauliza maji yako wapi. Nilimchotea, kisha nikachukua msasa nikaketi karibu naye.